Kariakoo: Soko Limekua, Mitaa Ni Ile Ile

Mitaa ya Kariakoo ilipimwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapimaji wa Kijerumani waliipanga kwa mistari iliyonyooka juu ya ardhi iliyokuwa shamba, magharibi ya mji wa Dar es Salaam wa wakati huo, wakakata viwanja vidogo vya nyumba za Waafrika na kuacha kati yake njia za watu waendao kwa miguu. Zaidi ya miaka mia imepita na mitaa hiyo ingali palepale: Kongo, Mchikichi, Sikukuu, Swahili, Narung'ombe, Tandamti. Upana wake ni uleule. Kilichobadilika ni kinachopita ndani yake na kinachosimama kando yake.

Habari za Kariakoo zimesimuliwa mara nyingi kwa njia ya majengo yake, siasa zake, timu zake za mpira na majanga yake ya moto. Iko habari nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya mzigo: unaingiaje, unashushwa wapi, unatoka kwa njia gani, na nani aliwahi kuuliza maswali hayo kabla ya kutoa kibali. Kwa miaka mia moja wenye mamlaka ya mji walilitazama jengo wakaisahau barabara. Kuna mara moja tu ambapo mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo alianza na mzigo, na jengo alilolijenga bado lipo.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wameshasimamisha ukumbi mkubwa hapo katikati kwa ajili ya maonyesho. Vita vikazuka Agosti mwaka huohuo na maonyesho hayakufanyika. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 waliutumia ukumbi na viwanja vyake kuwaweka wapagazi wa jeshi, kikosi cha Carrier Corps, na kutoka hapo mtaa ukapata jina lake. Wapagazi hao, waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, walibeba risasi, unga na majeruhi hadi kusini kabisa mwa nchi. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, majina ambayo leo mfanyabiashara huyaandika kwenye risiti bila kufikiri, ni majina ya mahali walipopigana wanajeshi na kufa wapagazi mwaka 1917.

Baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waingereza waliugeuza ukumbi ule kuwa soko. Walikuwa na mpango wao wa mji: eneo la Wazungu ufukweni, eneo la biashara lenye Wahindi wengi katikati, na eneo la Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kutenganisha watu. Kariakoo likawa soko la kulisha upande huo wa tatu. Muhogo, samaki, ndizi, mkaa na nazi viliingia kwa vichwa vya watu na kwa mikokoteni, vikanunuliwa na watu waliokaa dakika chache kutoka hapo, katika nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma. Kwa soko la namna hiyo mitaa ya Wajerumani ilitosha. Mnunuzi alikuja kwa miguu, akarudi kwa miguu, na barazani mwa nyumba palibaki nafasi ya bao na kahawa.

Sheria iliyokuja kuongoza ujenzi wa miji, ile ya mipango miji ya mwaka 1956, ilitungwa kwa mfano wa Uingereza. Ilijali hasa matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda. Wazo kwamba kila jengo huzalisha safari, na kwamba safari hizo zihesabiwe kabla jengo halijasimama, lilikuwa bado halijapata nguvu hata huko lilikotoka. Uingereza ililisikia kwa kishindo mwaka 1963, Colin Buchanan na wenzake walipotoa ripoti yao juu ya magari mijini. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: gari haliji mjini kwa sababu ya barabara, linakuja kwa sababu ya jengo lililo mwisho wa barabara. Anayeidhinisha jengo ameidhinisha na magari yake.

Marekani ilifika kwenye wazo hilo kwa mlango wa maduka. Mwaka uleule wa 1956, mjini Edina, jimbo la Minnesota, lilifunguliwa jengo la maduka la Southdale, lililofungwa pande zote na kuzungukwa na maegesho ya maelfu ya magari. Majengo ya aina hiyo yalipozagaa, wahandisi wakaanza kuhesabu: eneo kadhaa la duka huleta safari kadhaa katika saa ya msongamano. Hesabu hizo zilikusanywa katika kitabu cha chama chao, ITE, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Tangu hapo halmashauri nyingi duniani hufanya hivi: mwenye mradi analeta tathmini, mhandisi anaangalia magari mangapi mapya yataingia kwenye kila makutano, na makutano yakielemewa, mwenye mradi atapunguza jengo au atachangia kupanua njia.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na shughuli nyingine. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika mji mzima. Mwaka 1968 washauri kutoka Kanada waliandaa mpango mkuu wa jiji, na mwaka 1979 ukaandaliwa mwingine, nao pia na Wakanada. Kati ya mipango hiyo miwili ndipo lilipojengwa soko jipya la Kariakoo.

Kazi ya kulibuni alipewa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, aliyesomea Technion mjini Haifa, Israel. Ukumbi wa zamani ulivunjwa, na Mwalimu Nyerere akalifungua soko jipya mwaka 1975. Watu wengi wanalikumbuka kwa paa lake, ile miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ambayo hupokea maji ya mvua na kuyateremsha hadi kwenye tangi lililo chini ya jengo. Paa ni zuri, na picha zake zimekwenda mbali. Lakini ufundi mkubwa wa Amuli uko chini zaidi, pale panapoitwa shimoni.

Shimoni ndiko mazao ya jumla yalikopokelewa na kuhifadhiwa. Gunia la vitunguu lilifika, likahesabiwa, likagawanywa, ndipo sehemu yake ikapanda kwa muuzaji wa rejareja aliyekuwa juu, kwenye hewa na mwanga, akizungukwa na wanunuzi. Pembeni pakawa na soko dogo la wazi. Kwa maneno mengine, mtu mwenye gunia begani na mama mwenye kikapu mkononi hawakupaswa kugombea mlango mmoja. Amuli alilifikiria soko kama mfululizo wa safari: safari ya mzigo, safari ya maji, safari ya hewa, safari ya mnunuzi. Alizitenganisha kwa ghorofa, kwa kuwa ardhi haikutosha kuzitenganisha kwa upana. Serikali nayo ilikuwa imetunga sheria mwaka 1974 ya kuunda shirika la kuliendesha soko hilo, kwa hiyo soko lenyewe lilipata msimamizi.

Mitaa iliyolizunguka haikupata.

Na kwa miaka michache hilo halikuonekana kuwa tatizo. Magari yalikuwa machache, mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba serikali iliwahi kuzuia magari binafsi yasitembee Jumapili alasiri, na bidhaa zenyewe madukani zilikuwa za kupanga foleni. Abiria walibebwa na UDA, shirika la mabasi la umma, nayo UDA ilikuwa na mabasi yasiyotosha. Kisha mambo yalifunguka karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi, daladala, yaliruhusiwa. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia madarakani, na enzi ya ruksa ikaanza.

Kariakoo ndiko ruksa ilikoshukia. Nguo, vitambaa, redio, vyombo, vipuri na mitumba vilikuja kwanza kupitia Dubai, baadaye moja kwa moja kutoka Guangzhou. Wateja nao wakabadilika. Hawakuwa tena wakazi wa Ilala na Magomeni peke yao. Walikuja wenye maduka kutoka Mwanza, Mbeya na Arusha, halafu kutoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura, Lilongwe na Moroni. Soko la kulisha mtaa likawa ghala la nchi sita au saba, na sensa zikaonyesha jiji lenyewe likipanda kutoka watu milioni 1.36 mwaka 1988 hadi milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022.

Mwenye nyumba ya vyumba sita alipigiwa hesabu ambayo hakuna binadamu angeikataa. Chumba cha mbele kilichotazama barabara kikawa fremu. Kisha ua ukawa fremu. Kisha akaja mwekezaji akiwa na mchoro wa ghorofa, na mpango wa kuliendeleza upya eneo hilo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukatoa nafasi ya kujenga kwenda juu. Nyumba za Kiswahili zikavunjwa moja baada ya nyingine. Kiwanja kilichokuwa na familia tatu na mti wa mwembe kikabeba fremu za chini, maduka ya ghorofa ya kwanza na ya pili, na stoo kutoka hapo kwenda juu.

Kila kibali kilitolewa kwa kiwanja kimoja. Hapa ndipo historia ya Kariakoo inapouma, kwa sababu ukichukua jengo moja peke yake ni rahisi kuliidhinisha: msingi, nguzo, choo, ngazi ya dharura, maegesho machache kwenye mchoro. Lakini majengo 200 yaliyoidhinishwa mojamoja yanashusha mzigo kwenye mtaa uleule, saa zilezile. Hakuna kiwanja chenye deni la foleni, kwa hiyo hakuna mwenye kiwanja anayelilipa.

Simama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi uone deni hilo linavyolipwa. Fuso haliwezi kupenya, kwa hiyo limesimama mbali, upande wa barabara kubwa, likiwa limekula njia moja. Makuli wawili wako juu ya mzigo wanasukuma marobota hadi ukingoni. Wengine chini wanayapokea kwa mabega, kitambaa kimekunjwa shingoni, na kuyapanga kwenye mkokoteni uliotengenezwa kwa ekseli ya gari kuukuu na magurudumu mawili. Mkokoteni unaingia mtaani ukiwa na mtu mmoja mbele akishika mikono ya mbao na mwingine nyuma akizuia, na mbele yao kuna meza za wamachinga, bodaboda zinazosubiri abiria, guta lililojaa maji ya chupa, bajaji, na mamia ya wanunuzi wasio na pa kukanyaga isipokuwa palepale mkokoteni unapopita. Robota lililosafiri maelfu ya kilomita kwa meli linatumia saa nzima kumaliza mita 300 za mwisho. Muda huo unalipiwa, na anayeulipia ni mnunuzi wa shati.

Tathmini ya msongamano iliyonakiliwa kutoka vitabu vya Marekani isingeliona jambo hili hata ingefanywa kwa uaminifu wote. Hesabu zile zilichukuliwa kwenye viunga ambako mteja huja na gari lake. Zinafaa mahali kama jengo la maduka la Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kando ya Barabara ya Sam Nujoma, kwa sababu huko walio wengi huegesha na kuingia. Kariakoo mteja huja na daladala au basi la mwendokasi, ananunua dazeni 20, kisha anahitaji kirikuu ya kupeleka mzigo kwenye basi la mkoani. Safari yake ya kuja haionekani barabarani. Ya kuondoka inaziba mtaa. Mhandisi anayehesabu magari yanayotafuta maegesho hapo atarudi ofisini na takwimu sahihi za jambo lisilo lenyewe.

Jiji halikukaa kimya. Biashara ya jumla ya mazao ilisambaa hadi masoko mengine, nafaka Tandale, matunda na ndizi Mabibo, na hilo lilisaidia kweli. Mwaka 2016 mwendokasi ulianza, kilomita 21 za awamu ya kwanza, tawi lake moja likipita Mtaa wa Msimbazi hadi kituo cha Gerezani. Kwa mara ya kwanza abiria wa Kariakoo alipewa njia yake mwenyewe, na hakuna mradi uliowafaa wateja wa soko kuliko huo. Mzigo haukupewa njia.

Wamachinga nao walijengewa. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilikamilika takribani mwaka 2010, likiwa na nafasi za maelfu ya wafanyabiashara wadogo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ikabaki tupu. Mmachinga anauza kwa watu wanaopita. Ukimpandisha ghorofani mahali ambapo watu hawapiti umemwondolea biashara. Oktoba 2021 mkoa uliwaondoa tena barabarani, na haikuchukua muda mrefu meza zikaanza kurudi. Katika mambo yote mawili kosa lilikuwa moja: walipima eneo la kukaa, hawakupima watu wanapita wapi. Mapema mwaka 2025 ikaja hatua ya kuruhusu biashara saa 24, ikiambatana na taa za barabarani, na hii ina akili ndani yake, kwa kuwa mtaa usioweza kupanuliwa kwa upana unaweza kupanuliwa kwa saa. Ili ifae kweli, kushusha mizigo mikubwa kungepaswa kuhamishiwa usiku kwa amri inayosimamiwa.

Katikati ya hayo soko la Amuli liliungua, Julai 2021. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya la ghorofa pale palipokuwa soko dogo. Miavuli ya zege iliokolewa, jambo la kushukuru. Kisha tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Nchi nzima ilifuatilia uokoaji kwa siku kadhaa, na serikali ikaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Ukaguzi wa nguzo ni wa lazima. Lakini tamaa ya kuchimba chini na kuongeza fremu pale ambapo kila futi ina kodi yake inatoka kwenye chanzo kilekile kilichoziba mitaa: kila mwenye kiwanja anakamua alichonacho, na hakuna anayejibu kwa ajili ya eneo zima.

Mtihani mpya umehamia Ubungo. Kituo cha mabasi ya mikoani kiliondolewa hapo, na Februari 2021 kile cha Magufuli kikafunguliwa Mbezi Luis, siku moja na daraja la Kijazi la ngazi tatu, yote kwa lengo la kufungua makutano ya Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Kwenye ardhi ileile ya kituo cha zamani kukajengwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa mwaka 2025. Wenye maduka wa Kariakoo waliuliza kitawafanyia nini wateja wao. Mkazi wa Ubungo, Kimara au Manzese ana swali lake, lenye uzito sawa: mzigo wa maduka hayo utafika saa ngapi, na utasimama wapi unaposhushwa?

Swali hilo ni gumu kujibiwa na ofisi moja. Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri. Barabara kubwa ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA tangu 2017. Mwendokasi uko chini ya DART, leseni za daladala chini ya LATRA, na tathmini ya mazingira chini ya chombo chake cha taifa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 iliipa halmashauri kazi ya kupanga eneo lake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya miradi mikubwa. Nyenzo zipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia kwa mtaa mzima badala ya kiwanja kimoja, na kuhesabu mikokoteni, makuli na waenda kwa miguu kama msongamano halali.

Basi mkazi yeyote atakayesikia kwamba jengo la maduka linakuja mtaani kwake, iwe Tegeta, Mbagala, Dodoma au Mwanza, asisubiri foleni imfundishe. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na diwani wa kata anajulikana. Aulizwe mambo matatu kabla ya kibali: gari la mzigo litasimama wapi, litaruhusiwa kushusha saa ngapi, na mtoto anayekwenda shule atapita upande gani lori likiwa limesimama. Na majibu yaandikwe kwenye kibali chenyewe, ili siku jengo likifunguliwa yawepo ya kumdai mwenye jengo.